Sammy Davis Jr.: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja jina la Sammy Davis Jr., kila mtu humkumbuka kwa kitu chake: mmoja jicho la bandia, mwingine viatu vya dansi, mwingine ile picha akimkumbatia Rais Nixon. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila anapozungumzwa. Yanaanzia kwenye misingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni, na jibu likishatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Misingi

1. Sammy Davis Jr. alikuwa nani hasa?

Alikuwa Mmarekani Mweusi, mwimbaji, mcheza dansi, mwigizaji, mchekeshaji na fundi wa kuiga sauti za watu. Alizaliwa Harlem, jijini New York, tarehe 8 Desemba 1925, akafariki Beverly Hills, California, tarehe 16 Mei 1990 akiwa na miaka 64. Karibu miaka 60 kati ya hiyo aliitumia jukwaani.

Wengi wanaposikia orodha ile ya vipaji hudhani ni sifa za kupambia tu. Kwa Sammy ilikuwa silaha. Katika nchi ambayo mlango ungefungwa usoni pake kwa sababu ya ngozi, aliamini kwamba akijua kila kitu, na akakijua kuliko wote waliomo ukumbini, hawatakuwa na njia ya kumkataa. Hesabu hiyo ilimlipa mara nyingi. Mara nyingine ilimtoza.

2. Wazazi wake walikuwa nani, na alilelewa na nani?

Baba yake, Sammy Davis Sr., na mama yake, Elvera Sanchez, wote walikuwa wacheza dansi wa jukwaani. Asili ya mama ilikuwa Cuba, ingawa Sammy mwenyewe alizoea kusema ni Puerto Rico. Miaka ya mwanzo alilelewa na bibi yake mzaa baba, Rosa, aliyemwita Mama. Wazazi walipoachana, mtoto akiwa na miaka kama mitatu, baba alimchukua akaondoka naye kwenda kwenye ziara.

Kiongozi wa kundi lao alikuwa Will Mastin. Hawakuwa na undugu wa damu, lakini Sammy alimwita mjomba maisha yake yote. Baadaye wakabaki watatu, wakajulikana kama Will Mastin Trio. Hata Sammy alipokuwa ndiye anayejaza kumbi, mapato yaliendelea kugawanywa mafungu matatu sawa kwa miaka mingi, wazee wale wawili wakiwa hawachezi tena.

3. Alisoma wapi?

Hakusoma shule. Kundi lilikuwa linahama mji hadi mji, na sheria za kuwalinda watoto dhidi ya ajira zilikuwa tishio kwao. Baba na Mastin walipata ujanja wa kuzikwepa: walimtangaza kwamba ni mtu mzima aliyezaliwa mfupi, wakampa na sigara nene ashike mdomoni. Kusoma na kuandika kwa kweli alijifunza ukubwani, sehemu kubwa akiwa jeshini.

Mwaka 1933, akiwa na miaka saba, alicheza kwenye filamu fupi ya Rufus Jones for President pamoja na mwimbaji Ethel Waters. Filamu imejaa vichekesho vya kuwadhalilisha Weusi, kama ilivyokuwa kawaida ya Hollywood ya wakati huo, lakini mtoto mwenyewe anaimba na kucheza kwa umahiri unaokufanya usahau umri wake.

4. Aligundua lini kwamba anabaguliwa?

Kuchelewa sana, na hilo ndilo linalouma. Alipokuwa mdogo, mhudumu akikataa kuwapa chakula au mwenye nyumba akiwafungia mlango, baba na Mastin walimwambia watu wale wana wivu tu kwa kuwa wao ni wasanii. Mtoto aliamini. Waliifunika dunia isimguse.

Jeshi ndilo lililomfunua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na miaka 18, alipelekwa Fort Francis E. Warren, Wyoming, na kuwekwa bweni moja na askari Wazungu. Siku ya kuondoka nyumbani, baba na Mastin walikuwa wamemnunulia saa ya mkononi ya bei, zawadi iliyowagharimu kweli. Haikumaliza muda: askari mmoja aliiangusha sakafuni akaisaga kwa kisigino cha buti. Baadaye walimpa chupa ya bia iliyotiwa mkojo. Siku nyingine walimkamata wakampaka rangi nyeupe mwilini na kumlazimisha acheze. Alipigana karibu kila wiki, na pua yake ikavunjwa.

Kisha akahamishiwa kikosi cha burudani, akawa anaimba mbele ya watu walewale. Alikuwa akiwatafuta kwa macho waliokuwa wakimchukia, akawachezea wao hasa. Mapigano ya ngumi hayakuwabadilisha, lakini akiwa jukwaani aliona nyuso zikilegea, hata kama ni kwa dakika chache. Ukitaka kuelewa kwa nini maisha yake yote alifanya kazi kama anayefukuzwa, anza hapo.

## Kazi ya jukwaani

5. Alifanya nini jukwaani kilichomtofautisha na wengine?

Chukua onyesho moja la miaka ya 1950. Anaingia akicheza dansi ya viatu vya chuma na baba yake na Mastin. Anawaacha wapumue, anaimba peke yake. Anahamia kwenye ngoma, kisha tarumbeta, kisha vibrafoni. Halafu anasimama mbele ya kipaza sauti na kuwa nyota Mzungu wa filamu: James Cagney, Cary Grant au Humphrey Bogart. Sauti, mabega, hata namna ya kushika kofia.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya hatari. Msanii Mweusi kuwaiga Weusi wenzake ilikuwa ruksa. Kuwaiga Wazungu, tena mbele ya Wazungu wenye vinywaji mezani, Mastin aliona ni kujitafutia balaa. Sammy alifanya hivyohivyo, na watu wakaangua kicheko. Alikuwa amevunja mwiko mbele yao, nao hawakushtuka.

Nje ya jukwaa alikuwa mpigapicha mzuri, tangu mchekeshaji Jerry Lewis alipompa kamera, na alifanya mazoezi ya kuchomoa bastola kama wachunga ng'ombe wa kwenye filamu hadi akawa na kasi ya kutisha. Huyu mtu hakujua kukaa.

6. Jina lake lilivuma lini?

Usiku wa tuzo za Oscar, Machi 1951, katika klabu ya Ciro's, Hollywood. Kundi lao lilikuwa la kuchangamsha ukumbi kabla ya nyota wa usiku, Janis Paige. Watu hawakukubali waondoke. Walirudishwa jukwaani tena na tena, na Paige, kwa busara, akaomba kwamba kuanzia usiku uliofuata yeye ndiye atangulie.

Ila usimdhanie mgeni. Kufikia usiku ule alikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini. Mwimbaji nyota Frank Sinatra alikuwa amemjua tangu 1941 huko Detroit, na mwaka 1947 alisisitiza kundi lao liwekwe kwenye onyesho lake katika ukumbi wa Capitol, New York, kwa dola 1,250 kwa wiki.

7. Alipotezaje jicho?

Alfajiri ya tarehe 19 Novemba 1954 alikuwa akiendesha Cadillac yake kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles kurekodi wimbo wa filamu. Karibu na San Bernardino aligongana na gari jingine. Katikati ya usukani wa Cadillac za wakati ule kulikuwa na kitufe cha honi kilichochongoka, na uso wake ukapigwa hapo. Jicho la kushoto halikuokoka.

Kwa mcheza dansi, jicho moja ni zaidi ya sura. Unapoteza kipimo cha umbali: ukingo wa jukwaa uko wapi, ngazi inaanzia wapi. Alilazimika kujifunza upya hata kumimina maji kwenye glasi. Januari 1955 alirudi Ciro's akiwa na kitambaa cheusi juu ya jicho, akacheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya miezi kadhaa alivua kitambaa na kuweka jicho la bandia.

8. Alifanya kazi gani Broadway na kwenye filamu?

Mr. Wonderful (1956) ilimfungulia Broadway, kumbi kuu za tamthilia jijini New York. Lakini kazi yake kubwa pale ni Golden Boy, iliyoanza Oktoba 1964 na kufikisha maonyesho 568. Tamthilia ya zamani ya Clifford Odets ilihusu bondia mwenye asili ya Italia. Kwa ajili ya Sammy bondia akawa kijana Mweusi wa Harlem anayempenda mwanamke Mzungu. Wawili hao walibusiana jukwaani, usiku baada ya usiku, na vitisho vikaja kwa posta. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Kwenye filamu, tafuta Porgy and Bess (1959) anapocheza Sportin' Life, muuza dawa za kulevya mwenye hila. Kuna kichekesho cha mikataba hapo: Sammy alikuwa chini ya kampuni ya muziki ya Decca, na albamu ya filamu ikatolewa na kampuni nyingine ya muziki, Columbia, hivyo ukiisikiliza unayemsikia ni mwimbaji Cab Calloway. Ocean's 11 (1960) inajulikana zaidi, ila humo alipewa nafasi ya dereva wa lori la taka, wenzake wakivaa suti.

9. Ni kweli alichukia wimbo wake ulioongoza chati?

Hakuupenda. The Candy Man ni wimbo wa kitoto kutoka filamu ya watoto, na alidhani utamvunjia heshima. Mwaka 1972 ukashika namba moja Marekani, mara yake pekee kufika huko. Akauimba hadi mwisho wa maisha yake kwa sababu watu waliulipia.

## Ubaguzi

10. Ilikuwaje awe nyota Las Vegas na asiruhusiwe kulala hotelini?

Ndivyo mji ulivyokuwa. Katika miaka ya 1940 hoteli za barabara kuu ya Las Vegas ziliwaajiri wasanii Weusi waimbe, lakini haziwapi chumba, meza ya chakula, wala nafasi ya kucheza kamari. Onyesho likiisha unapitia mlango wa nyuma.

Kundi la Mastin lilipofika El Rancho Vegas, walipelekwa kulala upande wa magharibi wa mji, mtaa wa Weusi wenye barabara za vumbi na vibanda vya mbao. Mama mwenye nyumba aliwatajia kodi. Mastin akalalamika kwamba hiyo inazidi hata bei ya hoteli wanayofanyia kazi. Mama akamjibu: basi si mkakae huko hotelini? Sammy aliisimulia habari hiyo kwa ucheshi, lakini soma vizuri: ubaguzi wa hoteli ulikuwa umempa yule mama wateja wasio na pa kwenda.

Mabadiliko yalikuja kwa vipande. Wasanii wakubwa walianza kudai vyumba kwenye mikataba. Mwaka 1954, wiki za kabla ya ajali, kundi lake lilikuwa limepata haki ya kulala katika hoteli ya Last Frontier. Mei 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli na kasino ya kwanza mjini humo kupokea watu wa rangi zote, nayo ikafungwa kabla ya mwaka kuisha. Mwisho, Machi 1960, NAACP ya Las Vegas, chama cha kutetea haki za Weusi, chini ya Dk. James McMillan ilitishia kuandamana kwenye barabara kuu ya makasino. Wenye hoteli wakakubali kufungua milango. Nyota walisaidia, tishio la maandamano ndilo lililomaliza kazi.

11. Runinga ilimpokeaje?

Kwa mkono mmoja. Mwaka 1952 Eddie Cantor, mchekeshaji Myahudi mwenye kipindi maarufu NBC, alimwalika. Sammy alipomaliza kucheza jasho lilikuwa likimtiririka, na Cantor akatoa leso yake mwenyewe akampangusa uso. Barua za matusi zikamiminika kituoni: vipi Mzungu amguse Mweusi kwa leso yake? Cantor alijibu kwa kumwalika tena kwenye vipindi vilivyofuata.

Januari 1966 NBC ilimpa kipindi chake mwenyewe, jambo nadra kwa Mweusi tangu Nat King Cole miaka kumi hivi kabla. Wageni wa kwanza walikuwa Elizabeth Taylor na Richard Burton. Kisha mkataba wa zamani na kituo cha ABC ukamzuia kuonekana kwenye kipindi chake mwenyewe kwa wiki kadhaa, ikabidi wengine wamshikie. Kilifungwa Aprili.

12. Mbona alikubali utani wa rangi kutoka kwa Sinatra na Dean Martin?

Hili ndilo swali linalogawanya watu hadi leo. Katika maonyesho ya kundi lao kwenye hoteli ya Sands, Las Vegas, Sammy alichekwa kwa ngozi yake, kimo chake na dini yake (swali la 16). Mara kwa mara Dean Martin alimbeba mikononi na kutangaza kwamba anaishukuru NAACP kwa tuzo hiyo. Sammy alicheka hadi kupiga goti sakafuni.

Wapo wanaosema alijidhalilisha. Wapo wanaosema kumwona Mweusi akitaniana sawa kwa sawa na Wazungu, akinywa nao glasi moja, kulikuwa kitu kigeni mwaka 1960. Kwangu, hoja zote mbili zina ukweli, ila ile ya kwanza ina uzito zaidi kuliko mashabiki wa kundi lile wanavyopenda kukiri. Utani haukuwa sawa kwa sawa. Utani juu ya Dean ulihusu pombe, na pombe unaweza kuiacha.

Na urafiki wa Sinatra ulikuwa na masharti. Mwaka 1959 Sammy alisema redioni huko Chicago kwamba kipaji hakimpi mtu ruhusa ya kukosa adabu. Sinatra alimwondoa kwenye filamu ya Never So Few na nafasi ikaenda kwa Steve McQueen. Ilibidi Sammy aombe radhi. Lakini ni Sinatra huyuhuyu aliyempa nyumba ya kupumzika baada ya ajali, na aliyesimama upande wake wakati wa harusi (swali la 15).

13. Je, alishiriki kupigania haki za kiraia?

Ndiyo, kwa fedha zaidi na kwa mwili pia. Aliimba kwenye maonyesho mengi ya kuchangisha fedha za harakati za Martin Luther King, alikuwepo kwenye maandamano ya Washington mwaka 1963, na mwaka 1968 NAACP ilimpa nishani ya Spingarn, heshima yake ya juu kabisa.

Usiku wa kukumbuka ni wa tarehe 24 Machi 1965. Waandamanaji wa kudai haki ya kura kutoka Selma walikuwa wamefika ukingoni mwa Montgomery, Alabama, wakapiga kambi kwenye viwanja vya kanisa Katoliki la St. Jude. Mwimbaji Harry Belafonte aliwakusanya wasanii wawaimbie. Sammy aliogopa, Kusini hakukuwa mahali pa mtu mwenye mke Mzungu na sura inayojulikana na kila mtu. Alikwenda. Mvua ilikuwa imegeuza uwanja kuwa tope, na jukwaa lilikuwa mbao zilizowekwa juu ya majeneza matupu yaliyoazimwa kwa wenye nyumba za mazishi wa Kiafrika-Amerika wa mji huo.

## Mapenzi, ndoa na dini

14. Ilikuwaje habari ya Kim Novak?

Mwaka 1957 Sammy na Kim Novak, nyota Mzungu wa kampuni ya filamu ya Columbia, walikuwa na uhusiano, na magazeti yakaanza kunusa. Mkuu wa Columbia, Harry Cohn, alipandwa na hasira. Watu wa karibu na Sammy wamesimulia kwamba alipokea vitisho kutoka kwa majambazi wenye mkono kwenye kasino: achague mwanamke Mweusi aoe upesi, au ataumizwa. Januari 1958, mjini Las Vegas, alimwoa Loray White, mwimbaji Mweusi. Ndoa hiyo haikuwa na maisha ya ndani na ilivunjwa mwaka uliofuata.

15. Kwa nini Kennedy alimfungia mlango?

Mwaka 1960 Sammy alimchumbia May Britt, mwigizaji kutoka Uswidi. Majimbo mengi ya Marekani bado yalikuwa na sheria za kukataza ndoa kati ya Weupe na Weusi. Mahakama Kuu ilizifuta mwaka 1967. Uchumba ulipotangazwa, wafuasi wa ufashisti walimfuata kwa mabango hadi nje ya ukumbi aliokuwa akiimba London, na kule Washington chama cha Wanazi wa Marekani kikafanya vivyo hivyo.

Wakati huohuo alikuwa akimfanyia kampeni John Kennedy, mgombea urais wa Wademokrati. Julai 1960, kwenye mkutano mkuu wa Wademokrati mjini Los Angeles, alisimama na wasanii wengine kuimba wimbo wa taifa, na baadhi ya wajumbe wa Kusini wakamzomea. Watu wa Kennedy waliogopa kura za Kusini, na harusi ikasogezwa mbele hadi baada ya uchaguzi. Wakaoana tarehe 13 Novemba 1960, Sinatra akiwa msimamizi.

Alidhani amelipa deni. Januari 1961, siku chache kabla ya Kennedy kuapishwa, alipigiwa simu kutoka ofisi ya rais mteule: asije. Onyesho la sherehe lilikuwa limeandaliwa na Sinatra, rafiki yake. Mwaka 1963 yeye na mkewe waliingia Ikulu kwenye hafla ya kumkumbuka Lincoln, na Kennedy alihangaika wapigapicha wasiwanase wawili hao pamoja naye. Kumbuka mambo haya ukifika swali la 17.

Sammy na May Britt walipata binti mmoja na kuwalea wana wawili. Kazi ilimla, nyumbani alikuwa mgeni. Waliachana mwaka 1968. Mwaka 1970 alimwoa Altovise Gore, mcheza dansi Mweusi, na walikuwa pamoja hadi kifo chake.

16. Kwa nini aliingia dini ya Kiyahudi? Haikuwa kujipendekeza Hollywood?

Shutuma hiyo aliisikia maisha yake yote. Alianza kusoma historia ya Wayahudi alipokuwa akipona ajali (swali la 7), akavutiwa na watu waliofukuzwa kila mahali na bado wakabaki. Alizungumza na marabi kwa miaka kabla ya kuingia rasmi, na May Britt naye aliingia kabla ya harusi.

Kipimo changu ni hiki: wakati wa kupiga Porgy and Bess alimwambia mtayarishaji Samuel Goldwyn kwamba hatafanya kazi siku ya Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi, na filamu ikasimama siku nzima kwa gharama kubwa. Anayetaka kujipendekeza hasimamishi filamu ya bosi.

## Siasa

17. Kwa nini alimkumbatia Nixon?

Tarehe 22 Agosti 1972, kwenye mkutano wa vijana wa chama cha Republican mjini Miami, Sammy alimjia Rais Richard Nixon kwa nyuma na kumkumbatia kwa nguvu. Picha ilizunguka nchi nzima. Kwa Weusi wengi, Nixon alikuwa mtu aliyepata kura kwa kuchochea hofu ya Wazungu wa Kusini, na Sammy akaonekana msaliti.

Weka picha hiyo kando ya simu ya 1961. Nixon alimpa nafasi kwenye baraza la ushauri kuhusu fursa za kiuchumi, alimtuma Vietnam kuwatazama askari, na mwaka 1973 alimlaza Ikulu kama mgeni. Mtu aliyefukuzwa mlangoni na Kennedy, aliyempigania, alifunguliwa mlango na mpinzani wa Kennedy. Hilo linaeleza, halihalalishi. Alikuwa na kiu ya kukubalika, na mwanasiasa hodari huinusa kiu kutoka mbali.

Mwaka uleule wa 1972 alipanda jukwaa la shirika la mwanaharakati Mweusi Jesse Jackson mjini Chicago, na ukumbi wa watu Weusi ukamzomea. Jackson alimshika bega akawatuliza watu. Sammy akaimba I've Gotta Be Me, na alikiri baadaye kwamba kuzomewa na Weusi wenzake kulimuumiza kuliko yote ya jeshini. Kisha ikaja kashfa ya Watergate iliyomwangusha Nixon, na majuto yake yakawa ya hadharani.

## Fedha, ugonjwa na kifo

18. Mtu aliyelipwa hivyo alikufaje na madeni?

Alitumia. Vito, magari, zawadi kwa kila aliyekuwa karibu, safari na msafara wa watu, bila mtu wa kumwambia basi. Ukijumlisha ushauri mbaya wa uwekezaji, alipofariki mamlaka ya kodi ya Marekani ilikuwa inadai mali yake zaidi ya dola milioni 5. Vitu vyake vikapigwa mnada na mjane akabaki na kesi kwa miaka.

19. Alikufa kwa ugonjwa gani?

Saratani ya koo, iliyogunduliwa mwaka 1989. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Upasuaji ungemwondolea zoloto, kiungo cha kooni kinachotoa sauti, na pamoja nayo sauti yenyewe. Alichagua mionzi.

Novemba 1989 wasanii walikusanyika kurekodi kipindi cha runinga cha kumheshimu, kilichorushwa Februari 1990. Alikuwa amekonda na hakuweza kuimba. Gregory Hines, mcheza dansi aliyeigiza naye katika filamu ya Tap mwaka 1989, alicheza mbele yake. Sammy akaletewa viatu, akavivaa, akapanda. Wakajibizana kwa miguu, na Hines akainama kuvibusu viatu vyake. Siku alipozikwa, taa za makasino ya Las Vegas zilizimwa kwa dakika kumi.

## Maswali ya pembeni

20. Mr. Bojangles wa kwenye wimbo aliouimba ni yeye?

Hapana. Wala si Bill Robinson, mcheza dansi mkongwe aliyeitwa Bojangles. Jerry Jeff Walker aliandika wimbo huo baada ya kukutana na mzee mmoja mahabusu huko New Orleans. Sammy aliuimba kwa uchungu kwa sababu alikiri kuogopa mwisho wa aina hiyo: mchezaji mzee anayecheza kwa ajili ya kinywaji.

21. Ni kweli alikuwa mwanachama wa kanisa la Shetani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipewa uanachama wa heshima. Alikuwa kwenye kipindi cha kujaribu kila kitu, kokeini ikiwemo, na baada ya muda mfupi akaachana nao.

22. Kitabu chake cha maisha kinaaminika?

Yes I Can kilitoka 1965, kikiandikwa pamoja na Jane na Burt Boyar kutokana na mazungumzo marefu yaliyorekodiwa. Habari za jeshini na Las Vegas katika maswali ya 4 na 10 zinatoka humo. Ni kitabu cha msanii: mazungumzo yameng'arishwa na msimuliaji anajua wapi atulie ili ucheke. Kisome kwa ajili ya namna alivyojisikia, na tarehe zihakikishe kwingine.

23. Nianzie wapi kumsikiliza?

Anza na The Sounds of '66, aliyoirekodi mbele ya watu hotelini Sands pamoja na mpiga ngoma Buddy Rich. Ukiona kelele zimezidi, hamia albamu aliyofanya mwaka huohuo na Laurindo Almeida: gitaa moja, sauti moja, basi. Wanaosema alikuwa mbwembwe tupu mara nyingi hawajaisikia hiyo ya pili. Kwa dansi, tafuta kipande chake cha utotoni cha 1933 na kile cha Hines cha 1989, uvitazame kwa mfuatano.